Ndama alikuwa na fungu lake: kisa cha mtoto mmoja wa Njombe na baba yake

Mtoto alikuwa wa kiume, miezi 14. Nilimlaza kwenye ubao wa kupimia urefu, mama yake akamshika kichwa, mimi nikamnyoosha magoti. Ubao ulisoma sentimita 71.4. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa kiume wa umri huo hutarajiwa kuwa na sentimita 78 hivi, na akiwa chini ya 73.1 anahesabiwa kuwa mdumavu. Huyu alikuwa ameupita mstari huo kwenda chini kwa karibu sentimita mbili.

Uzito wake ulikuwa kilo 8.5. Kwa kilo hizo nukta yake kwenye kadi ya kliniki ilikaa eneo la kijani, na kadi ile ilikuwa na nukta za kijani mwezi baada ya mwezi. Mama hakuwahi kukosa kliniki. Kila alipokwenda, mtoto alining'inizwa kwenye mzani, nukta ikawekwa, akaambiwa anaendelea vizuri. Hakuna aliyemlaza kwenye ubao, kwa sababu kituo hakikuwa na ubao. Mtoto mfupi mwenye mwili uliojaa kiasi hupita kwenye mzani bila mtu kumshtukia, na miezi ambayo angeweza kusaidiwa inapita hivyo hivyo.

Naandika kisa hiki kwa ruhusa ya wazazi. Nimeacha majina, na kijiji sitakitaja zaidi ya kusema kipo kwenye nyanda za baridi za mkoa wa Njombe. Nakiandika kwa sababu kilinibadilishia kazi. Nilikuwa afisa lishe wa miaka kadhaa, nimefundisha akina mama wengi sana, na sikuwa nimejiuliza kwa makini ninamfundisha nani na yeye ana mamlaka juu ya kitu gani.

Nyumba ile haikuwa na njaa. Ghalani kulikuwa na magunia ya mahindi, nje viazi vimepangwa vikisubiri lori, vimeshindiliwa lumbesa, yaani magunia yaliyojazwa kupita kipimo, kama wanunuzi wanavyolazimisha. Kulikuwa na maharage, ng'ombe mmoja wa maziwa na ndama wake, na kuku 11. Chini kulikuwa na kinyungu, yaani bustani ya bondeni, yenye chainizi na majani ya maboga. Ukiwa mgeni utasema mtoto wa hapa hawezi kukosa chakula. Lakini huu ndio mkoa wenyewe: utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa, na mikoa iliyoongoza ilikuwa Iringa kwa asilimia 56.9, Njombe 50.4 na Rukwa 49.8. Ni mikoa ileile inayojaza masoko ya Dar es Salaam kwa mahindi na viazi. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema watu wa huku wanahitaji kulima zaidi, ujue hajaingia kwenye nyumba zao.

Nilimwuliza mama mtoto alikula nini jana tangu alipoamka. Asubuhi uji wa sembe na sukari. Mchana uji uleule uliobaki kwenye chupa, akinyweshwa na dada yake wa miaka 7, mama akiwa kinyunguni. Jioni ugali uliolowekwa kwenye mchuzi wa maharage. Mchuzi, sio maharage. Katikati ya hapo alinyonya, hasa usiku. Katika makundi manane ya chakula tunayohesabu kwa mtoto wa umri huo, maziwa ya mama yakiwa mojawapo, anatakiwa apate angalau matano kwa siku. Nilipata mawili, nikijilazimisha matatu.

Nikatoa somo. Nililijua kwa moyo: uji uwe mzito, ale mara tatu au nne kwa siku na kitu kidogo katikati, apate yai, maziwa, dagaa waliosagwa, mboga za majani zenye mafuta kidogo, maharage yapondwe. Mama alisikiliza kwa adabu, akayarudia yote kwa usahihi. Niliondoka nimeridhika.

Wiki tatu baadaye nilirudi na hakuna kilichobadilika. Nilimwuliza kwa upole kilichokwama. Akatazama mlangoni kwanza, kisha akasema sentensi mbili ambazo bado nazibeba: "Dada, kuku ni wa baba. Na maziwa yana kitabu."

Kitabu chenyewe kilikuwa daftari la kurasa ndogo lililochomekwa juu ya mlango. Baba aliandika humo lita alizokamua na lita alizopeleka kituo cha kukusanyia maziwa, maana malipo huja mwisho wa mwezi na asiye na hesabu yake hupunjwa. Mama akichota kikombe, hesabu inakosana. Baba hakuwa mkali, mama mwenyewe alinihakikishia hilo, ila ilikuwa imeshazoeleka kwamba maziwa yaliyomo kwenye dumu ni fedha. Mayai nayo yalikusanywa kwa ajili ya gulio, na fedha yake ilinunua sabuni, chumvi na madaftari ya shule. Shamba lipi lipandwe lini, na mama ashinde huko mpaka saa ngapi, lilikuwa neno la baba. Mtoto alishwe nini mchana lilikuwa neno la bibi, mama mzazi wa baba, aliyeishi nyumba ya jirani. Na bibi alikuwa ameshasema mtoto mdogo hula uji, vitu vizito vinamfunga tumbo.

Nilichora duara kwenye shajara yangu, katikati nikaandika chakula cha mtoto, pembeni nikaandika kila uamuzi unaokigusa na jina la mwenye uamuzi huo. Mama alibaki na mawili: kunyonyesha, na kiasi cha maji kwenye uji. Hayo mengine yote niliyomfundisha nilikuwa nimempa mzigo bila kumpa kamba ya kuubebea.

Jibu la haraka lilikuwa kuita akina baba, na hapo nilikosea mara ya pili. Tulipitisha barua kwa mtendaji wa kijiji: siku ya kupima watoto, kila mama aje na mwenzake. Walikuja wanaume wanne. Walikaa kwenye benchi nje, wakasikiliza somo la unyonyeshaji lililoandaliwa kwa wanawake, na kabla ya saa tano wote walikuwa wameondoka. Siwalaumu. Tuliwaita kama wasindikizaji, nao wakasindikiza.

Mwenzangu mmoja akapendekeza tufanye kama inavyofanywa mahali pengi kwenye hudhurio la kwanza la wajawazito, kwamba anayekuja na mume anahudumiwa kwanza. Nilikataa, na bado nakataa. Nimewaona wanawake waliotelekezwa, wajane, na wale ambao waume zao wako kwenye mashamba ya mbao mbali, wakirudishwa kwa mwenyekiti wa kitongoji kutafuta barua ya kueleza kwa nini hawana mwanaume. Nimesikia pia wanaomlipa kijana wa bodaboda akae nao kwenye foleni. Tukimshirikisha baba kwa namna inayomfukuza mama asiye na mume, tumemwumiza mtoto aliye kwenye hatari kubwa kuliko wote.

Mawazo yaliyofaa hayakutoka kwangu. Mhudumu wa afya wa kitongoji, mwanaume wa makamo ambaye naye anafuga, aliniambia: "Wewe unawataka baba zahanati. Baba wako kwenye maziwa." Alimaanisha kituo cha kukusanyia, ambako kila alfajiri wanaume wanasimama kwenye ukungu na madumu yao, wakipiga soga na kusubiri maziwa yapimwe.

Nilikwenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwezi wa saba, baridi ya kuumiza masikio. Sikubeba mabango. Nilibeba ubao wa kupimia na kadi chache. Nilikuta wanaume kama 20 na mpimaji mmoja anayechovya kifaa chake kwenye kila dumu kuona kama maziwa yameongezwa maji. Kila mmoja alikuwa anatazama kipimo kwa makini ya ajabu, maana dumu likikataliwa anarudi nalo nyumbani. Nikajiambia, hawa ndio watu tunaosema hawawezi kuelewa mstari wa ukuaji.

Nilianza na ndama. Niliwauliza ndama wa maziwa mnampa kiasi gani. Majibu yalikuja kwa mpigo, wakasahihishana. Baba wa mtoto wetu, ambaye nilikuwa sijazungumza naye ana kwa ana, alisema anampa lita mbili asubuhi na mbili jioni, hata mwezi ambao fedha imebana. Nikauliza kwa nini asizipunguze auze. Akanitazama kama mtu aliyeuliza kwa nini mbegu isiliwe. Akasema, "Mama, ndama ukimnyima miezi ya mwanzo umeshamwua. Hata umpe majani gani mbele ya safari, hatakuwa ng'ombe. Atakuwa kijitu tu, na maziwa yake hayo hayo ya kubahatisha."

Sikuwa na la kuongeza. Mimi ningesema siku 1,000, tangu mimba kutungwa mpaka mtoto afikishe miaka miwili. Ningesema mifupa na ubongo hujengwa kwa kasi wakati huo na urefu uliopotea hurudi kwa tabu sana baadaye. Yeye alikuwa ameyasema yote kwa ng'ombe. Nilimwonesha kadi ya mwanawe na mstari wa 73.1. Alikaa kimya. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, maana wenzake walikuwa wanasikia: "Sasa huyu amepungukiwa na sentimita ngapi?" Nikamwambia, ukimlinganisha na mtoto wa kawaida wa umri wake ni sita na nusu hivi. Akapima kwa vidole vyake hewani.

Jioni nilikwenda kwake. Tulikaa barazani, yeye, mke wake na bibi. Daftari lilikuwa mapajani. Ng'ombe alikuwa akitoa lita 11 kwa siku: nne za ndama, moja ya chai, sita za kituoni. Hesabu tuliifanya pamoja: mtoto aliyepita mwaka mmoja anatosheka na vikombe viwili vya maziwa yaliyochemshwa, nusu lita, zaidi ya hapo yanamjaza tumbo akakataa chakula, na maziwa mengi kupita kiasi humpunguzia madini ya chuma. Nusu lita kwa siku ni lita 15 kwa mwezi, kati ya 180 anazouza. Alisema, "Lita 15 hazinifilisi." Akachora mstari mpya kwenye daftari chini ya neno ndama, akaandika mtoto. Mama alikuwa anamtazama mkono.

Yai tulikubaliana liwe moja kila siku inapowezekana. Hapa niliwaeleza ukweli kama ulivyo, kwa sababu sipendi yai liuzwe kama dawa. Utafiti wa Ecuador uliochapishwa mwaka 2017 ulionesha kuwa udumavu ulipungua sana kwa watoto waliopewa yai moja kila siku kwa miezi sita. Jaribio la namna hiyo hiyo Mangochi, Malawi, halikuonesha tofauti ya urefu. Kule ni kando ya ziwa na watoto wengi walikuwa tayari wanakula samaki. Kwa mtoto anayeishi kwa uji na mchuzi, yai linaingia mahali palipo wazi, lakini halifanyi kazi peke yake.

Suala la bibi ndilo lililonifundisha zaidi. Mkwe hawezi kumwambia mama mkwe kwamba uji wake mwepesi unamdumaza mjukuu. Mimi nikimwambia, nikishaondoka anayebaki kulipa ni huyo mkwe. Baba ndiye aliyegeuka akasema, "Mama, kuanzia kesho uji wa mtoto uwe mzito, na mchana apewe maharage yaliyopondwa. Mimi ndiye ninayeomba." Bibi hakubisha. Alijibu kwa jambo ambalo sikulitarajia. Alisema zamani, akiwa mwali mwenye mtoto wa kwanza, watoto walikuwa wanapimwa kijijini kila baada ya miezi mitatu na matokeo yanasomwa kwenye mkutano, waume wakiwepo, na mwanaume mwenye mtoto kwenye nyekundu anaulizwa mbele ya wazee. "Siku hizi," akasema, "ni siri ya mama na nesi."

Alikuwa anakumbuka mpango wa lishe wa mkoa wa Iringa, ulioanza mwaka 1983 kwa ushirikiano wa serikali, UNICEF na Shirika la Afya Duniani katika vijiji 168, wakati Njombe ingali wilaya ya Iringa. Ule mpango ulijengwa juu ya kijiji kupima, kuchambua sababu na kuamua la kufanya, na mfumo wa UNICEF wa mwaka 1990 wa kueleza visababishi vya utapiamlo, unaofundishwa vyuoni duniani kote, ulichota mengi kutoka huko. Nimesoma habari zake darasani. Sikuwa nimefikiria kwamba moja ya siri zake ni kuwa ukuaji wa mtoto ulikuwa ajenda ya mkutano wa kijiji, na mkutano wa kijiji ndiko wanaume waliko. Leo tunazo siku za afya na lishe za kijiji, na halmashauri zinatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Ningepewa nafasi ya kusema fedha hiyo ianzie wapi, ningesema ubao wa kupimia urefu katika kila zahanati, na matokeo yasomwe kwenye mkutano, kwa idadi na bila majina.

Kwa wiki kama tano mambo yalikwenda vizuri, kisha yakaharibika kidogo. Mama aliniambia, akiwa amechoka, "Sasa ananikagua. Akirudi anauliza amekula mara ngapi, mbona yai halipo, mbona uji umepoa." Baba alikuwa ameyapokea mafundisho kwa moyo wote, akayageuza usimamizi. Hili linatokea kuliko tunavyoandika kwenye taarifa zetu: mwanaume akiongezewa maarifa bila kuongezewa kazi, anakuwa msimamizi wa kazi ya mke wake. Kosa lilikuwa langu, maana nilimpa orodha ya mambo ya mtoto bila kusema yapi ni yake.

Tulikaa tena. Safari hii kila jambo lilipata mwenyewe. Kuchemsha maziwa asubuhi kabla ya kwenda kituoni ni kazi ya baba. Dagaa wa gulioni ni wa baba kununua, kutoka fedha ya mayai. Kuku walikuwa wanalala jikoni na mtoto anatambaa humo humo, anaokota na kutia mdomoni, na alikuwa ameharisha mara tatu tangu mwaka uanze. Banda la kuku likawa la baba, akalijenga kwa mabanzi kwa siku mbili. Kubwa zaidi kwa mama lilikuwa saa: msimu wa vinyungu angerudi nyumbani saa sita badala ya saa kumi, na baba angemalizia umwagiliaji. Na chakula cha jioni cha mtoto angelisha baba, mama akipika cha wengine.

Hilo la mwisho ndilo lililozua maneno. Jirani alimkuta na bakuli na kijiko, na kesho yake kijiweni ikasemwa amelishwa limbwata. Alinisimulia bila kucheka. Nilimwuliza aliwajibuje. Alisema aliwauliza wao ndama zao wanalishwa na nani.

Desemba, mtoto akiwa na miezi 20, ubao ulisoma 77.2. Aprili, akiwa na miezi 24, ulisoma 81.2. Mstari wa udumavu kwa umri huo ni 81.7. Kwa kitabu, mtoto bado alikuwa mdumavu, kwa nusu sentimita. Taarifa ya robo mwaka ilimhesabu hivyo na ilikuwa sahihi. Lakini mwanzoni alikuwa anazidi kuachwa na wenzake, na kwa miezi 10 hiyo alikwenda nao mwendo mmoja, akianza hata kuwakaribia. Hakuharisha tena isipokuwa mara moja, mwezi wa kwanza. Siwezi kusema ni maziwa, au banda, au saa nne za mama alizorudishiwa kila siku. Nadhani ni vyote, na kila kimoja kilikuwa mkononi mwa mtu ambaye kliniki haikuwahi kumwuliza swali. Hata sheria yetu ya kazi ya mwaka 2004 inampa baba aliyeajiriwa angalau siku tatu za likizo mtoto anapozaliwa. Tumezoea kumhesabu kama mtu anayepita.

Kituo cha maziwa kimekuwa sehemu yetu ya kukutana, mara moja kwa mwezi, dakika 15, kabla madumu hayajapakiwa. Wapo wasiokuja. Wapo waliosikiliza wakaenda kuuza mayai kama zamani. Mmoja aliniambia wazi kuwa mambo ya uji yana wenyewe.

Mara ya mwisho nilipopita kwa familia ile, mama alikuwa na mimba ya miezi minne. Baba alitoa daftari kabla sijakaa. Alitaka kujua fungu la mama ni lipi. Nikamwambia vidonge vya madini ya chuma na foliki kila siku bila kukosa, mlo mmoja zaidi ya aliozoea, maharage na mboga na yai, kikombe cha maziwa, na ndoo za maji zibebwe na mwingine. Aliandika polepole, akasimama kwenye yai. Akauliza kama ni kweli mjamzito akila mayai mtoto anazaliwa bila nywele.

Kabla sijajibu, bibi, aliyekuwa anachambua maharage pembeni, alisema bila kuinua kichwa: "Huyu aliyetangulia alizaliwa bila nywele, na mama yake hakuonja yai. Andika."